Kupima Tiba ya Uraibu: Majaribio ya Kitabibu Yamefundisha Nini

Uraibu wa pombe na dawa za kulevya ni miongoni mwa maradhi yaliyopewa tiba nyingi kabla ya kupewa vipimo. Kwa vizazi kadhaa mraibu amefungiwa ndani, amepelekwa shamba kwa ndugu, ameombewa, amenyweshwa dawa za mitishamba na za viwandani, na kila njia kati ya hizo imekuwa na mashahidi wake waliosimama na kusema kwamba iliwaokoa. Ushahidi wa namna hiyo haustahili kudharauliwa, kwa kuwa wapo walioacha kweli, lakini hautoshi kumjibu daktari, mzazi au wizara ya afya inayotaka kujua ni wangapi waliopewa tiba hiyo wakarudia kutumia, na ni wangapi wangepata nafuu hata kama wasingepewa chochote. Utafiti wa kitabibu kuhusu uraibu ulipata nguvu pale maswali hayo mawili yalipoanza kuulizwa kwa pamoja, na majibu yake, yaliyopatikana katika miji iliyo mbali mbali kama Hong Kong, Stockholm, Eldoret na Dar es Salaam, yamebadilisha sana uelewa wa namna mtu anavyoachana na unga au pombe.

Uraibu, kwa maana inayotumiwa na madaktari, ni hali ya mtu kuendelea kutumia kilevi ingawa kinamharibia afya, kazi na familia, huku uwezo wake wa kujizuia ukiwa umedhoofika. Katika uraibu wa heroini, ambayo hutengenezwa kutokana na afyuni, kilevi hicho hufika katika ubongo na kujishikiza kwenye vipokezi, yaani sehemu za chembe hai zinazopokea ishara za kemikali na ambazo kwa kawaida hutumiwa na mwili kutuliza maumivu na kuleta raha. Mwili unaopata heroini kila siku huizoea, hivyo mtumiaji hulazimika kuongeza kiasi ili apate athari ileile, na anapoikosa kwa saa chache tu hupatwa na arosto, ambayo ni mkusanyiko wa maumivu ya viungo, kuhara, kutapika, jasho, makamasi na kukosa usingizi. Arosto ya heroini hupungua baada ya wiki moja hivi, na kwa sababu hiyo watu wengi, wakiwemo madaktari wa zamani, walidhani kwamba aliyevuka wiki hiyo amevuka ugonjwa wenyewe.

Sababu ya kulinganisha

Jaribio la kitabibu ni utafiti ambamo watu wenye ugonjwa mmoja hugawanywa katika makundi, kundi moja likapewa tiba inayopimwa na jingine, linaloitwa kundi la ulinganisho, likapewa tiba ya kawaida au kidonge kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani yake, ambacho watafiti hukiita plasebo. Mgawanyo hufanywa kwa bahati nasibu ili asiwepo mtu wa kuchagua wagonjwa wenye hali nzuri na kuwaweka upande wa dawa anayoipenda, na inapowezekana mgonjwa na mtabibu wake hufichwa ni nani amepata nini mpaka hesabu zikamilike.

Utaratibu huu unafaa ugonjwa wowote, lakini kwa uraibu una umuhimu wa pekee kwa sababu tatu. Kwanza, mraibu hutafuta msaada anapokuwa katika hali mbaya kuliko siku zake zote, pengine baada ya kukamatwa, kufukuzwa nyumbani au kuugua, na kwa kuwa hali ya uraibu hupanda na kushuka, wengi wangepata nafuu kidogo kwa muda hata bila tiba. Pili, wanaoshindwa huondoka kimyakimya, na kituo kinachohesabu waliobaki mpaka siku ya mwisho pekee kitaonekana kuponya karibu kila mtu. Tatu, matokeo yenyewe hayaonekani kwa picha wala kwa darubini. Mtu anaweza kusema ameacha huku bado anatumia, na ndiyo maana majaribio mazuri hulinganisha maneno ya mgonjwa na vipimo vya mkojo vinavyochukuliwa mara kwa mara.

Kutoka Lexington hadi New York

Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilifungua huko Lexington, katika jimbo la Kentucky, taasisi kubwa iliyokuwa hospitali na gereza kwa wakati mmoja, ambako waraibu waliohukumiwa na waliojipeleka wenyewe waliondolewa unga mwilini, wakalishwa vizuri, wakafanyishwa kazi za shamba na karakana, kisha wakarudishwa makwao. Kwa fikra za wakati ule tiba hiyo ilikuwa kamili, kwa kuwa mgonjwa aliondoka akiwa na afya njema na bila arosto. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,900 waliorejea New York, na kutoa ripoti yao mwaka 1962, waligundua kwamba zaidi ya tisa kati ya kila kumi walirudia kutumia, na wengi wao walifanya hivyo ndani ya miezi michache. Kusafisha mwili kulikuwa kumefanikiwa kwa karibu kila mmoja wao, na bado ugonjwa ulikuwa umewangojea nyumbani.

Miongoni mwa madaktari waliowahi kufanya kazi Lexington alikuwa Marie Nyswander, mtaalamu wa magonjwa ya akili, ambaye baadaye alishirikiana na Vincent Dole, mtafiti wa umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia na kuvunja kemikali, katika taasisi ya Rockefeller mjini New York, pamoja na daktari kijana aliyeitwa Mary Jeanne Kreek. Watatu hao waliitazama heroini kama tatizo la mwili uliobadilika, na wakachagua kujaribu methadoni, dawa ya kutuliza maumivu iliyobuniwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Methadoni hujishikiza kwenye vipokezi vilevile vinavyotumiwa na heroini, lakini tofauti na heroini, ambayo hupanda haraka na kushuka ndani ya saa chache, methadoni inayonywewa hufanya kazi taratibu na kudumu kwa saa 24 au zaidi. Mgonjwa aliyefikia dozi inayomtosha hapati arosto wala ulevi, na hata akijidunga heroini haipati raha aliyoizoea, kwa sababu vipokezi vyake vimekwisha kukaliwa.

Taarifa yao ya mwaka 1965 iliwahusu wagonjwa 22 tu, ambao wengi wao walirejea kazini, shuleni au kwa familia zao. Ilikuwa taarifa ya kutia moyo, lakini haikuwa na kundi la ulinganisho, hivyo waliopinga walikuwa na haki ya kuuliza kama mafanikio yalitokana na dawa au na uangalizi wa karibu wa madaktari mashuhuri, na wengine walisema wazi kwamba methadoni ilikuwa kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine.

Majaribio yaliyoleta jibu

Hoja hiyo ilipata jibu Hong Kong, katika jaribio la Robert Newman na W. B. Whitehill lililochapishwa mwaka 1979. Waraibu 100 wa heroini walilazwa kwa wiki mbili na kuzoeshwa methadoni miligramu 60 kwa siku, kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu yao waliendelea kupata dawa kwa kiasi kilichorekebishwa kulingana na hali ya kila mmoja, na nusu nyingine walipunguziwa miligramu moja kila siku mpaka wakabaki wakinywa kimiminika kisicho na dawa, huku wote wakipata huduma nyingine zilezile bila kuambiwa wako upande gani. Baada ya wiki 32 waliokuwa bado kwenye matibabu upande wa methadoni walikuwa asilimia 76, na upande wa plasebo asilimia 10. Baada ya miaka mitatu uwiano ulikuwa asilimia 56 kwa asilimia 2. Kwa kuwa makundi yote mawili yalipata uangalizi sawa, haikuwezekana tena kudai kwamba tofauti hiyo ililetwa na wema wa wahudumu.

Jaribio la Stockholm, lililochapishwa mwaka 2003, lilipima dawa nyingine, buprenofini, ambayo huwekwa chini ya ulimi na ambayo huamsha vipokezi kwa sehemu tu, hivyo hatari yake ya kuzuia pumzi ni ndogo kuliko ya methadoni. Watu 40 waliokuwa na uraibu wa heroini kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ambao kwa kanuni za Sweden za wakati huo hawakustahili kupewa methadoni, waligawanywa katika makundi mawili ya watu 20. Kundi la kwanza lilipata buprenofini kila siku kwa mwaka mzima. Kundi la pili lilipata dawa hiyo kwa siku sita, ikipunguzwa hatua kwa hatua, kisha plasebo. Wote walipata ushauri nasaha kila wiki, tiba ya vikundi na vipimo vya mkojo. Mwaka ulipokwisha, watu 15 kati ya 20 wa kundi la kwanza walikuwa bado kwenye matibabu, na katika kundi la pili hakubaki hata mmoja. Wanne kati ya wale wa kundi la pili walikuwa wamefariki, ilhali kundi la kwanza halikupoteza mtu.

Wengi walioanzisha huduma za tiba walikuwa wakiamini kwamba ushauri nasaha ndio moyo wa tiba na dawa ni nyongeza ya kumvusha mgonjwa siku za arosto, lakini Stockholm ilionyesha watu waliopewa ushauri uleule, na vikao vilevile, wakitengana kabisa kulingana na kama dawa iliendelea au ilikatizwa. Ushahidi wa aina hii ndio uliolifanya Shirika la Afya Duniani kuziingiza methadoni na buprenofini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Hatari ya kuacha tiba

Kifo ni kipimo ambacho hakihitaji maelezo ya mgonjwa, na tafiti zilizofuatilia vifo zimegundua jambo linalopingana na matarajio ya familia nyingi. Huko London, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa ili kuondolewa heroini mwilini, na taarifa yao ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba watatu walikufa kwa kuzidisha dozi ndani ya miezi minne, na wote watatu walikuwa miongoni mwa wale 37 waliokamilisha tiba vizuri, hakuna aliyetoka katika kundi la waliotoroka mapema. Sababu yake ni ya kibayolojia: mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hupoteza ule uzoefu uliokuwa ukiukinga, hivyo mtu anayerudia kiasi alichokuwa akitumia zamani huwa anatumia kiasi kinachoweza kusimamisha pumzi yake.

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti za ufuatiliaji zilizohusisha watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba katika kila watu 1,000 walio kwenye matibabu hufa watu 11 hivi kwa mwaka, na katika idadi kama hiyo ya walioacha matibabu hufa 36. Uchambuzi huohuo ulitahadharisha kuhusu vipindi viwili vya hatari, ambavyo ni wiki nne za mwanzo za kuanza methadoni, kabla dozi haijatulia, na wiki nne za mwanzo baada ya kuiacha. Kwa mtazamo huo, methadoni hufanana na dawa za shinikizo la damu, ambazo humlinda mtu kwa muda anaozitumia, na ambazo hakuna anayezihukumu kuwa zimeshindwa kwa sababu shinikizo hupanda zinapokatizwa.

Upo pia upande wa wagonjwa wanaopendelea kutokuwa na dawa yoyote ya jamii ya afyuni mwilini. Kwao ipo naltreksoni, ambayo huziba vipokezi bila kuviamsha, na ambayo siku hizi hutolewa pia kwa sindano moja kwa mwezi. Jaribio lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2018 liliwagawa watu 570 kati ya sindano hiyo na buprenofini, na likaonyesha umuhimu wa kumhesabu kila mtu aliyepangiwa tiba, hata kama hakuianza. Naltreksoni haiwezi kuanzishwa mpaka afyuni yote itoke mwilini, la sivyo huleta arosto kali ya ghafla, na kwa sababu hiyo zaidi ya robo ya waliopangiwa sindano walishindwa kuanza, wakati walioshindwa kuanza buprenofini walikuwa karibu asilimia 6. Kati ya wale waliofanikiwa kuanza, dawa hizo mbili zilikaribiana sana. Kati ya wote waliopangiwa, waliorudia kutumia walikuwa asilimia 65 upande wa naltreksoni na asilimia 57 upande wa buprenofini. Mtu anayesoma tangazo lenye hesabu moja tu kati ya hizo atapata picha isiyo kamili, ingawa hesabu zote mbili ni za kweli.

Muhimbili na maswali ya Afrika Mashariki

Heroini ilipoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, na hasa ilipoanza kutumiwa kwa kujidunga, tafiti za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zilionyesha kwamba maambukizi ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C miongoni mwa wanaojidunga yalikuwa makubwa kuliko ya wananchi kwa jumla, kutokana na kuchangia sindano. Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa, ikafuatiwa na za Mwananyamala na Temeke, na baadaye za mikoa mingine. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, na muda mfupi baadaye Malindi. Katika kliniki hizo, mgonjwa hunywa dawa ya maji mbele ya mhudumu kila siku, na wengi hufikishwa hapo na wafanyakazi wa asasi za kijamii wanaowafuata kwenye maskani zao.

Tanzania haikulazimika kurudia jaribio la Hong Kong, kwa kuwa kumnyima mgonjwa dawa inayojulikana kufanya kazi ili tu kuthibitisha tena kwamba inafanya kazi kungekuwa kosa la kimaadili. Swali lililobaki lilikuwa kama tiba hiyo ingedumu katika mazingira ya jiji ambalo mgonjwa hana nauli, hana kazi, na pengine ana kifua kikuu pamoja na uraibu. Utafiti uliowafuatilia watu 629 wa kwanza waliojiunga, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba asilimia 57 walikuwa bado kwenye matibabu baada ya mwaka mmoja, kwamba wanawake, ingawa walikuwa wachache, walidumu zaidi ya wanaume, na kwamba waliopata dozi ya kati au kubwa waliacha kwa nadra kuliko waliokuwa chini ya miligramu 40.

Utafiti wa aina hiyo, unaowafuatilia wagonjwa bila kuwagawa kwa bahati nasibu, husomwa kwa uangalifu, kwa sababu dozi ya methadoni hupandishwa hatua kwa hatua na aliyedumu ndiye hupata nafasi ya kuifikia dozi kubwa, hivyo haieleweki moja kwa moja kama dozi ndiyo ilimfanya adumu au kudumu ndiko kulimfikisha kwenye dozi. Hata hivyo, majaribio ya Marekani yaliyogawa dozi kwa bahati nasibu yalikwisha kuonyesha kwamba dozi kubwa hupunguza matumizi ya heroini zaidi ya ndogo, na vyanzo hivyo viwili vya ushahidi vinapokubaliana, kila kimoja huziba pengo la kingine.

Mazingira ya hapa yalileta pia suala ambalo halikuwa na uzito uleule New York ya miaka ya 1960. Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, na efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi dhidi ya virusi vya UKIMWI, huliharakisha ini kuvunja methadoni, hivyo mgonjwa aliyekuwa ametulia anaweza kupata arosto siku chache baada ya kuanza dawa hizo, akaamini kwamba methadoni imechakachuliwa, kisha akarudi kijiweni. Mtabibu anayelifahamu jambo hilo huongeza dozi mapema na kuipunguza tena tiba ya kifua kikuu inapokwisha, na wagonjwa wa virusi vya UKIMWI waliohamishiwa dolutegraviri, ambayo haiigusi methadoni kwa kiasi cha kutia wasiwasi, wameondokewa na sehemu kubwa ya usumbufu huo.

Pombe na kokeini

Utafiti wa tiba za pombe umefuata njia yenye mabonde zaidi. Mradi mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake mwaka 1997, uliohusisha watu 1,726, ulilinganisha tiba tatu za mazungumzo: ile ya kubadili fikra na tabia, ile ya kumwamshia mgonjwa ari ya kubadilika, na ile ya kumwelekeza kwenye hatua 12 za vikundi vya walevi waliopata nafuu. Wagonjwa wa makundi yote matatu walipunguza kunywa sana, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Watetezi wa kila tiba walifurahi, lakini kwa kuwa hapakuwa na kundi lisilotibiwa, mradi huo haukuweza kueleza ni sehemu gani ya mafanikio ilitokana na tiba na ni ipi ingetokea yenyewe. Mapitio ya tafiti 27 yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliongeza kwamba programu za kumwelekeza mgonjwa kwenye hatua 12, zinapofuata mwongozo maalumu, huwasaidia watu wengi zaidi kuacha pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Matokeo hayo ni ya pombe, na si halali kuyahamishia kwenye heroini, ambako nyumba ya upataji nafuu isiyoruhusu dawa inaweza kumtoa mtu akiwa katika hatari ileile iliyoonekana London.

Kenya imechangia katika eneo hili kwa jaribio la Eldoret lililochapishwa mwaka 2021, ambalo liliwahusisha wagonjwa 614 wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wenye matatizo ya kunywa. Nusu yao walipata vikao sita vya kubadili fikra na tabia, vilivyoendeshwa kwa Kiswahili na watu waliofunzwa kazi hiyo bila kuwa wanasaikolojia wenye shahada, na nusu nyingine walipata vikao vya idadi hiyohiyo kuhusu maisha yenye afya, ili makundi yote yapate muda na usikivu sawa. Waliopata tiba ya kubadili fikra na tabia walipunguza kunywa zaidi, na umuhimu wa matokeo hayo unaonekana mtu anapozingatia uchache wa wanasaikolojia nje ya miji mikuu. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, watafiti wa mradi wa Punguza Pombe Kwa Afya Yako wamewalenga majeruhi wanaofika idara ya dharura baada ya kunywa, ambapo muuguzi hufanya nao mazungumzo mafupi yenye mpangilio, na baadhi yao hufuatiliwa kwa ujumbe wa simu baada ya kurudi nyumbani.

Kwa kokeini na methamfetamini hakuna dawa iliyoidhinishwa mpaka sasa, ingawa dawa nyingi zimejaribiwa. Kinachoonyesha nguvu zaidi ni tiba ya motisha, iliyopimwa na Stephen Higgins na wenzake katika jimbo la Vermont, ambamo mgonjwa hupewa vocha ya bidhaa kila kipimo chake cha mkojo kinapoonyesha hakutumia. Katika jaribio lao la mwaka 1994 lililowahusu watu 40, asilimia 75 ya waliopata vocha walimaliza wiki 24 za tiba, na waliokosa vocha waliomaliza walikuwa asilimia 40. Wanasiasa wengi huona vigumu kutetea fedha za kuwalipa waraibu kwa kutotumia, na hivyo tiba yenye ushahidi mzuri imebaki kuwa miongoni mwa zinazotumika kwa nadra.

Ridhaa ya mtu mwenye arosto

Historia ya Lexington ina upande mwingine, kwani katika maabara yake wafungwa waliojitolea kujaribiwa dawa mpya walilipwa kwa morfini au heroini, jambo lililojadiliwa hadharani katika Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1975 na kusaidia kukomesha utafiti wa namna hiyo kwa wafungwa. Kosa lake linaeleweka kwa urahisi: ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelewa, haiwezi kuwa huru pale malipo yake ni kitu kilekile ambacho mshiriki amepoteza uwezo wa kukikataa.

Kwa sababu hiyo, bodi za maadili, kama zile zinazosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nchini Tanzania, hutaka maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mshiriki, asiulizwe wakati amelewa au yumo katika arosto kali, malipo yake yasizidi fidia ya nauli na muda, na kukataa kwake kusimnyime huduma ya kawaida. Katika nchi ambako kumiliki kete ni kosa la jinai, usiri wa majibu ya mkojo una uzito mkubwa kuliko katika utafiti wa malaria, kwa kuwa karatasi moja ikifika mikononi mwa polisi inaweza kumfunga mtu aliyejitolea kwa manufaa ya wengine. Vifo vinne vya Stockholm navyo vimefanya iwe vigumu kwa bodi yoyote kuruhusu tena plasebo ya mwaka mzima kwa waraibu wa heroini, hivyo majaribio ya sasa hulinganisha dawa na dawa, kwa mfano buprenofini ya kila siku na ile ya sindano inayodumu kwa wiki au mwezi.

Swali la sindano hizo linaihusu Afrika Mashariki kwa karibu, kwa maana mgonjwa wa Muhimbili anayepaswa kufika kliniki kila siku hawezi kuajiriwa kwa urahisi mbali na mji, kuhudhuria msiba mkoani au kusafiri kwa biashara, na kila siku anayoikosa humsogeza karibu na kundi lile la walioacha matibabu, ambamo hufa watu 36 kati ya kila 1,000 kwa mwaka. Kuruhusu baadhi ya wagonjwa waliotulia kubeba dozi za nyumbani, kusogeza kliniki karibu na mitaa, na kutumia sindano ya mwezi ni hatua zenye gharama na hatari tofauti, na kila moja inaweza kupimwa kwa mbinu zilezile zilizotumika Hong Kong.

Familia inayotafuta msaada haihitaji kusoma majarida ya kitabibu ili kunufaika na kazi hiyo yote. Kituo chochote kinachotangaza kuponya waraibu kinaweza kuulizwa kinawahesabu watu gani, waliomaliza peke yao au wote walioingia. Kinawafuatilia kwa muda gani baada ya kutoka. Kinathibitisha vipi kwamba hawatumii. Na wangapi kati yao wamekufa. Kituo kinachoweka kumbukumbu za mambo hayo manne kitakuwa na majibu hata kama hayapendezi, na kwa mgonjwa wa heroini, swali la tano la kuuliza kabla ya kulipa ada ni kama kituo hicho kitamruhusu kuendelea na methadoni au buprenofini atakapokuwa humo.